Wakikuita kula ghafla, nenda

Ndugu, umeuliza kama rafiki Mchina akikuandikia WeChat saa tatu usiku, "njoo tule", anamaanisha kweli. Anamaanisha! Hapa Guangzhou kula usiku ni kawaida: viti vya plastiki kando ya barabara, mishikaki ya kondoo iliyonyunyiziwa bizari nyembamba na pilipili, chaza wa kuchoma waliojaa kitunguu saumu, na bia. Mkigonganisha glasi, yako ishushe kidogo chini ya ile ya mkubwa wako. Kama hunywi pombe, sema mapema, unyanyue chai. Mimi sinywi na hajanuna mtu. Ukimiminiwa chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili, ndiyo asante ya huku. Bili kwa kawaida hulipa aliyeita, basi safari ijayo waite wewe.