Dalali akija kwa deni la kodi ya kaunsili

Dada, pole sana. Umesema uko Leicester, Uingereza, na wanao wawili, na barua ya madalali (bailiffs, watu wanaotumwa kukusanya deni) imeshafika. Jambo kubwa ni moja: usifungue mlango. Kwa deni la kodi ya kaunsili (council tax, kodi ya nyumba inayolipwa halmashauri), dalali haruhusiwi kuvunja mlango wala kukusukuma apite anapokuja mara ya kwanza. Ongea naye dirishani, na waambie watoto nao wasimfungulie. Akiingia kwa amani akaorodhesha vitu, nawe ukasaini, anaweza kurudi akaingia kwa nguvu. Usisaini, hata akiwa mpole namna gani. Gari liegeshe mbali. Akilikuta hulifunga gurudumu hapo hapo nje. Jiko, friji na mashine ya kufulia hawachukui.

Barua inakupa siku 7, na ada ya dalali hupanda sana akishafika mlangoni. Piga simu leo Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, uulizie Breathing Space, mpango wa serikali unaoweza kusimamisha madai kwa siku 60. Halafu, kama wewe ndiye mtu mzima pekee humo ndani, una haki ya punguzo la asilimia 25 la kodi hiyo. Wengi wetu hatuliombi!