Mshukiwa wa kipindupindu zahanati binafsi: unampigia nani, lini, na unasema nini

Mkuu, umeuliza mambo matatu: zahanati binafsi inaripoti kwa nani, je, usubiri majibu ya maabara, na ukikosea itakuwaje. Naanza na la pili, maana hapo ndipo watu wanapopotezea siku nzima.

Usisubiri maabara. Ufuatiliaji wa magonjwa, huu tunaouita IDSR, unaanzia kwa mshukiwa. Kwa kipindupindu, mahali ambapo mlipuko haujatangazwa, mshukiwa ni mtu wa miaka 2 au zaidi aliyeanza kuharisha majimaji ghafla akapungukiwa maji kupita kiasi, au aliyekufa kwa kuharisha hivyo. Mlipuko ukishatangazwa, kila anayeharisha majimaji ghafla anahesabiwa. Kipimo cha haraka kinakupa fununu tu, kinachothibitisha ni kinyesi kuoteshwa maabara. Kuotesha huchukua siku kadhaa, na kipindupindu kinaweza kumwangusha aliyeambukizwa ndani ya saa chache hadi siku 5. Ukingoja majibu, kisima kilekile kimeshanywesha mtaa mzima.

Sasa nani. Mwambie mganga mfawidhi wako, kisha simu iende kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa halmashauri, ambaye yupo chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Yeye ndiye anayepandisha mkoani na wizarani. Zahanati ya serikali, ya dini au ya mtu binafsi, wajibu ni mmoja. Kwa magonjwa ya taarifa ya papo hapo (kipindupindu, surua, kupooza kwa ghafla, homa za kutoka damu, tauni, kimeta, homa ya manjano, kichaa cha mbwa kwa binadamu) ukomo ni saa 24 tangu umhisi mgonjwa. Simu kwanza, fomu ifuate. Bandika ukutani namba ya mratibu na ya anayemshikia nafasi, kwa sababu mgonjwa wa namna hii anapenda kuja Jumamosi usiku.

Simu yenyewe iwe na mambo ya kufanyia kazi. "Kuna mtu anaharisha sana" haimsaidii mratibu hata kidogo. Sema hivi: "Mwanaume, miaka 34, anakaa kitongoji fulani, nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga. Alianza kuharisha jana saa 10 jioni, kinyesi kama maji ya mchele, anatapika, macho yameingia ndani. Yupo kwenye dripu. Sampuli tumechukua saa 3 asubuhi kabla ya dawa. Nyumbani wapo 6, mtoto mmoja naye ameanza. Maji wanachota kisimani. Hajasafiri." Kwa maneno hayo timu inajua iende wapi, na ibebe nini.

Angalia hapo nimetaja tarehe ya kuanza kuugua. Wengi wanaandika tarehe mgonjwa alipofika kituoni, na hilo ndilo kosa linaloharibu kazi kuliko yote. Mlipuko unachorwa kwa tarehe za kuanza kuugua. Ukiweka za kufika, wagonjwa wa siku 4 tofauti wanaonekana wa siku moja, na timu inatafuta chanzo pasipo chenyewe. Kosa la pili ni anwani. Kitabu cha MTUHA namba 5 (rejesta ya wagonjwa wa nje) kikiandikwa jina la kata tu, hakuna atakayeipata nyumba. Andika kitongoji au mtaa, jina la mwenyekiti wake, na simu ya ndugu.

Sampuli ya kipindupindu: zamisha pamba ya kijiti kwenye kinyesi, itumbukize hadi chini ya chupa ya Cary-Blair (chupa yenye rojo ya kusafirishia sampuli), vunja kijiti, funga kifuniko kikaze. Andika jina, tarehe na saa juu ya chupa yenyewe, maana karatasi hupotea njiani. Isiingie kwenye friji. Vimelea hawa hawapendi baridi wala kukauka, kwa hiyo iache kivulini kwenye joto la kawaida la chumba. Watu wanaiweka kwenye boksi la barafu kwa nia njema kabisa, inafika maabara haioti kitu.

Mtoto aliyepooza ghafla, ambaye tunamhofia polio, ni kinyume chake. Aliye chini ya miaka 15, mguu au mkono umelegea ghafla bila kuumia ajalini, anachukuliwa sampuli mbili za kinyesi zilizopishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kupooza, kila moja kama ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima. Hizo zinasafiri kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8.

Ukimhisi mgonjwa ana Marburg au Ebola, zile homa za kutoka damu, usichukue damu. Mtenge mgonjwa, punguza wanaoingia, piga simu, waje wenye vifaa. Marburg ya Kagera 2023 ilikuwa wagonjwa 9 na vifo 6. Kila unayemgusa bila kinga anaingia kwenye orodha ya kufuatiliwa siku 21, wewe ukiwemo.

Halafu kuna taarifa ya kila wiki, Jumatatu hadi Jumapili. Hukuona mgonjwa yeyote? Tuma sifuri. Kituo kilichonyamaza na kituo kisicho na mgonjwa havifanani, na mratibu hana njia nyingine ya kuvitofautisha.

Kuhusu kukosea: mshukiwa akionekana si kipindupindu, anaondolewa kwenye orodha, basi. Hakuna anayekufuatilia kwa hilo. Najua mwenye zahanati anaogopa wateja watakimbia. Mweleze kwamba kinachokimbiza wateja ni watu kufia kwenye benchi lake, na kwamba taarifa inakwenda kwa mratibu, haitangazwi redioni. Ndiyo maana usitume jina wala picha ya mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kundi la watumishi. Kwenye kundi taja idadi na eneo, jina libaki kwenye fomu.

Mwananchi wa kawaida anayeona vifo visivyoeleweka mtaani kwake apige 199, ni bure, au amwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

La mwisho: ukimpa mgonjwa rufaa, andika juu ya barua kwamba ameshatolewa taarifa, pamoja na namba yake ya utambulisho ukishapewa. Bila hivyo hospitali itamwandikisha upya, na mgonjwa mmoja atahesabiwa wawili.