Barua kwa mwanangu: saratani imetoka, mbona bado naishi hivi?

Mwanangu mpenzi,

Uliniuliza kwenye simu: "Baba, daktari amesema saratani imetoka yote. Mbona bado unaishi kama mgonjwa?" Nilikujibu kwa mkato kwa sababu kulikuwa na watu. Leo nina nafasi.

Daktari amesema kweli. Yeye anaangalia kingo za nyama iliyokatwa, tezi za limfu, picha, na CEA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii. Vyote ni safi, namshukuru Mungu. Lakini saratani ilikuwa kwenye puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na puru ndiyo iliyokuwa ghala la choo. Ndiyo humpa mtu nafasi ya kusema "nitakwenda baadaye." Yangu imekatwa karibu yote, na utumbo uliounganishwa mahali pake hauwezi kuhifadhi kama ile. Mionzi niliyopigwa kabla ya upasuaji imezidisha shida hiyo. Ndiyo maana haja inakuja kwa vipande: natoka chooni, nafunga mkanda, sijafika sebuleni narudi. Asubuhi nyingine mwendo ni huo huo saa nzima. Na ikibana, imebana, hakuna kusubiri. Hata kutambua kama ni hewa tu au ni choo, mwili unakosea.

Madaktari wanaiita hali hii LARS, kifupi cha Kiingereza cha matatizo ya haja yanayomfuata aliyekatwa puru. Wana dodoso la maswali 5 lililotolewa mwaka 2012, alama za juu kabisa ni 42, na kuanzia 30 huhesabiwa kuwa nzito. Nilipata 34. Huwezi kuamini, nilifurahi! Kumbe shida yangu inapimika, si uzembe wala uoga wa mzee. Naona kila aliyekatwa puru angepewa dodoso hilo bila kuliomba, maana wengi wanajifungia ndani wakidhani ni wao peke yao.

Mama yako husema afadhali enzi za mfuko wa choo niliobandikwa tumboni, na simpingi. Ulikuwa na taabu yake. Kinachotoka kwenye utumbo mwembamba ni majimaji yanayochoma; tundu la kibandiko likikatwa kubwa kuliko stoma, ule mdomo wa utumbo uliotolewa tumboni, ngozi inachubuka. Tena maji na chumvi vinaisha mwilini upesi. Lakini nilijua lini nitaumwaga, na nilitoka nyumbani bila hofu. Wapo wenye mfuko wa kudumu wanaofanya kazi, wanaogelea, wanasafiri, tena wanaishi vizuri kuliko mimi wa leo. Usimhurumie mtu kwa kuwa ana mfuko, muulize kwanza.

Sijakaa tu. Mtaalamu wa viungo amenifundisha kubana na kulegeza misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayozuia haja, nafanya kila siku. Daktari ameniruhusu loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, kabla ya safari. Isipotosha, kuna njia ya kusafisha utumbo kwa maji, nitafundishwa. Nafuu kubwa kwa kawaida huja ndani ya mwaka au miwili ya mwanzo, baada ya hapo mabadiliko ni ya polepole. Ganzi ya vidole vya miguu ni jambo jingine, imetokana na oksaliplatini, dawa ya saratani niliyotibiwa nayo. Ndiyo maana unaniona nashika ukuta nikishuka ngazi.

Ya mimi na mama yako siyaandiki. Ila ujue mishipa ya fahamu ya kibofu na ya unyumba inapita jirani kabisa na pale kisu kilipopita. Daktari asiyemuuliza mgonjwa habari hiyo ameacha kazi njiani.

Sasa la kwako, na hili silibembelezi. Miongozo mingi inasema mtoto wa mgonjwa kama mimi aanze kipimo cha kamera ya utumbo akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi aligundulika, kutegemea ipi inatangulia. Mimi niligundulika nikiwa na 48. Kwa hiyo wewe na wadogo zako ni 38, hata kama hamsikii chochote. Ukiona damu kwenye choo, usingoje umri wowote.

Kuhusu safari uliyonialika, nakuja. Tuondoke mchana, asubuhi niachie. Uliza mapema njiani vyoo viko wapi, na nikisema simamisha gari, simamisha hapo hapo.

Baba yako