Nikiitamani Pepo, je, ibada yangu ni biashara? Kuhusu beti za Bibi Rabia

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh wetu. Kila nikimaliza nyiradi zangu za usiku husoma zile beti za Bibi Rabia al-Adawiyya, yule mchamungu wa kisufi wa zamani wa Basra, za kumpenda Mwenyezi Mungu. Zamani zilinituliza, sasa zinanitesa. Yeye alimpenda Allah kwa kuwa Allah anastahiki kupendwa. Mimi nikijichunguza naona naswali kwa kuuogopa Moto na kuitamani Pepo, na nikinyanyua mikono, ninayoyaomba ni watoto, afya na deni lilipike. Machozi ya shauku siyapati. Je, ibada yangu ni biashara? Mwenzangu wa darsa naye anasema beti hizo ni upotofu, kwa sababu asemaye haitaki Pepo amekufuru. Nani kati yetu amekosea? Na je, naweza kuzisoma ndani ya sijida?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, binti yangu.

Beti hizo ni nne, na watu wengi huhifadhi wa kwanza tu: *Uhibbuka hubbayni hubba l-hawa, wa hubban li-annaka ahlun li-dhaka.* Nakupenda mapenzi mawili, mapenzi ya matamanio ya moyo, na mapenzi kwa kuwa Wewe unastahiki kupendwa. Katika mbili zinazofuata anaeleza. Mapenzi yale ya kwanza ni kushughulika na kumtaja Yeye hata akawasahau wengine wote. Ya pili ni Yeye kumwondolea pazia hata amwone. Hapo ndipo msomaji huanza kujipima, kama ulivyofanya wewe, naye hutoka mikono mitupu. Lakini ubeti wa nne unasema: sifa si zangu katika haya wala katika yale, bali sifa ni Zako katika haya na yale.

Huyu mwanamke wa Basra hakujipa sifa hata moja. Hasemi kwamba amefika kwa juhudi yake, wala hakuziacha beti zake ziwe fimbo ya kumchapia asiyefika. Mapenzi yote mawili ameyarudisha kwa Mwenyewe aliyeyatoa. Ukizisoma ukaishia ubeti wa tatu, utavunjika moyo. Kuna wengine huishia hapo hapo wakavimba kichwa, na hao nawaogopea zaidi kuliko wewe.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), alizinukuu beti hizi katika kitabu chake Ihyaa alipozungumzia mahaba. Alisema huenda kwa mapenzi ya mwanzo alikusudia kumpenda Allah kwa ihsani (wema) Yake na neema za papo kwa papo, na kwa yale ya pili kumpenda kwa uzuri na utukufu Wake uliomfunukia. Ghazali anayaona haya ya pili kuwa ya juu zaidi, na ni kweli. Hata hivyo hakuyatupa ya kwanza, wala Rabia hakuyatupa. Ameyataja yote mawili kwa ulimi mmoja. Kwa hiyo unapompenda Mola wako kwa kuwa amekupa watoto na pumzi, hujatoka nje ya beti hizo. Umo ndani yake tangu mstari wa kwanza.

Sasa mwenzako. Nadhani anachokipinga si beti hizi, bali kauli nyingine anayonasibishiwa Rabia: kwamba hakumwabudu Allah kwa kuogopa Moto wala kwa kutaka Pepo. Kauli hiyo ikishikwa kwa dhahiri yake inagongana na Qur'ani. Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 90, Mwenyezi Mungu anawasifu Mitume kwamba walikuwa wakimwomba kwa raghba na rahba, yaani kwa kutumai na kwa kuogopa. Aya iliyotangulia hiyo ni ya Nabii Zakariya, na alikuwa anaomba nini? Mtoto. Ndani ya sifa ya Mitume, binti yangu, kuna mzee anayelilia mtoto, nawe unaona haya kuwaombea wako!

Na yuko yule mtu ambaye Mtume (S.A.W.) alimuuliza anasema nini katika swala yake. Akajibu: nasoma tashahudi, kisha namwomba Allah Pepo na najikinga Kwake na Moto, ama huo mnong'ono wako na mnong'ono wa Muadh (sahaba wa Mtume) mimi siuwezi. Mtume akamwambia: nasi tunanong'ona kuhusu hayo hayo. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Naipenda sana, kwa sababu mtu yule alikuwa na dhana kama yako, kwamba wakubwa wana maombi yao ya siri, yeye ana yake ya kawaida.

Lakini mwenzako naye asikimbilie neno kufuru. Mwanachuoni Ibn Taymiyya, ambaye hakuwa mtu wa kuwalegezea masufi, aliijadili kauli ya namna hii bila kumtoa mtu katika dini. Alisema mwenye kuitamka amedhani Pepo ni kula, kunywa na wake tu, ilhali neema kubwa kuliko zote ndani ya Pepo ni kumwona Mwenyezi Mungu. Ushahidi ni aya ya 26 ya Suratu Yunus, wafanyao wema watapata wema na ziada. Katika Sahihi Muslim, ziada hiyo imefasiriwa kuwa ni kumtazama Mola, na kwamba watu wa Peponi hawakupewa kitu wanachokipenda kuliko hicho. Anayeiomba Pepo, basi, ameomba na hilo, ajue au asijue.

Ghazali amepokea pia kwamba Rabia aliulizwa anasemaje kuhusu Pepo, akajibu: jirani, kisha nyumba, yaani Mola kwanza, Pepo baadaye. Nyumba hakuikataa. Bibi Asiya, mke wa Firauni, alitanguliza hivyo hivyo katika Suratut Tahrim: Mola wangu, nijengee Kwako nyumba Peponi. Kauli kama hii naikubali kwa moyo mweupe. Ama visa vya Rabia akimshinda kwa hoja Hasan al-Basri, mwanachuoni mkubwa wa Basra, visome kwa tahadhari. Hasan alifariki mwaka 110 Hijria na Rabia, kwa kauli iliyo mashuhuri, 185. Kama walionana, Rabia alikuwa bado binti mdogo.

Limebaki la machozi. Mtume (S.A.W.), kwa mapokezi ya sahaba Ammar bin Yasir yaliyomo katika kitabu cha hadithi cha Nasai, alikuwa akiomba: *wa as'aluka ladhdhata n-nadhari ila wajhik, wa sh-shawqa ila liqaik*. Nakuomba ladha ya kuutazama uso Wako, na shauku ya kukutana Nawe. Ikiwa yeye aliiomba shauku, wewe nani alikwambia uitengeneze mwenyewe kwa kukamua macho? Iombe. Iweke katika orodha ile ile ya deni na afya, wala usione haya kwamba zimekaa pamoja. Usiku usipolia, simama hivyo hivyo na macho makavu. Kuamka kwenyewe, wakati kitanda kinakuita, ni dalili kwamba kuna unayemtaka.

Beti hizo endelea kuzisoma nje ya swala, zote nne, usiukate wa mwisho. Ndani ya sijida usizitie. Hapo soma dua zilizopokewa, na hiyo ya Ammar inakutosha. Ikiwa bado zinakutia wasiwasi, ziweke kando mwezi mmoja au miwili usome Qur'ani peke yake, hakuna dhambi katika hilo. Na mwenzako mfikishie salamu zangu.

Wallahu aalam.