Saratani na mafuta: usikimbilie kumnyima mgonjwa chakula

Ukimuuguza mgonjwa wa saratani, haipiti muda utaambiwa: saratani inakula mafuta, basi mwondolee mafuta yote iife njaa. Nimeusikia ushauri huo kwa watu wenye nia njema muda wote tuliokuwa tukimuuguza baba, aliyekuwa na saratani ya tezi dume. Nusu ya kwanza ina ukweli. Nusu ya pili inaweza kumdhuru mgonjwa.

Seli inayogawanyika haraka huhitaji utando mpya, na utando wa seli hujengwa kwa mafuta. Seli nyingi za kawaida za mtu mzima huyapata kwenye damu. Seli za saratani huyachukua hayo, kisha nyingi hujitengenezea mengine, hasa kutokana na sukari. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo mara nyingi hupatikana kwa wingi kupita kawaida katika saratani za matiti na tezi dume. Baadhi ya seli za saratani huhifadhi mafuta ndani yao kama vitone, na akiba hiyo huweza kuzisaidia kuhimili hata dawa. Kwa hiyo ukimnyima mgonjwa mafuta, uvimbe una njia nyingine. Atakayekonda ni yeye, na saratani yenyewe tayari inaweza kuyeyusha mafuta na misuli yake.

Sisemi mafuta kupita kiasi hayana neno. Mwaka 2017 watafiti wa Barcelona walieleza kwamba katika panya, seli za saratani ya mdomo zilizoweza kusambaa zilikuwa na protini nyingi iitwayo CD36, ambayo huingiza mafuta kwenye seli, na chakula chenye mafuta mengi kiliongeza usambaaji. Mwaka uliotangulia, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilihusisha unene uliopita kiasi na aina 13 za saratani. Lakini kumpunguza uzito mtu mnene mwenye afya ni jambo moja, kumfungisha mgonjwa aliyedhoofika ni jambo jingine kabisa.

Kwenye matibabu ndiko nilikojifunza zaidi. Sindano za kushusha testosteroni, homoni ya kiume inayoichochea saratani ya tezi dume, huweza kuongeza mafuta mwilini, kolesteroli na sukari, kwa hiyo omba vipimo hivyo vifanywe mara kwa mara. Moyo wa mgonjwa nao unahitaji kulindwa. Uvimbe wa tezi dume pia huweza kujitengenezea homoni hiyo kutokana na kolesteroli, na dawa iitwayo abirateroni huikata njia hiyo. Dawa hii, katika vidonge vyake vya kawaida, humezwa tumbo likiwa tupu: asile saa mbili kabla wala saa moja baada ya kumeza. Mlo wenye mafuta mengi huweza kupandisha kiasi cha dawa kinachoingia mwilini hadi takribani mara 10. Sisi tulichagua alfajiri, kifungua kinywa kikasubiri. Si kila dawa iko hivyo, kwa hiyo muulize mfamasia kwa kila dawa mpya: inamezwa na chakula au bila?

Statini, dawa za kolesteroli, zinachunguzwa kama zinaweza kusaidia dhidi ya saratani. Usimwanzishie mgonjwa kwa uamuzi wako, na kama daktari alishampa kwa ajili ya moyo, usimwachishe. Mpime uzito kila wiki, andika, na ukiona unashuka mpeleke daktari daftari hilo kabla ya siku ya miadi.