Umesamehewa ada? Mlango wa EOPS bado hujaubisha

Wasomaji walio California wameuliza sana kuhusu EOPS, mpango wa vyuo vya jamii kwa wanafunzi wenye kipato kidogo na walioanza masomo wakiwa nyuma. Tunajibu maswali yaliyojirudia.

Chuo kimeshanisamehe ada. Fomu ya EOPS nijaze ya kazi gani?

Msamaha ule, California College Promise Grant, unafuta ada ya masomo tu: dola 46 kwa yuniti (kipimo cha uzito wa somo), yaani dola 552 kwa mwenye yuniti 12. Vitabu ni juu yako, na kitabu cha kemia pamoja na msimbo wake wa kuingilia mtandaoni si cha dola ishirini. EOPS, iliyoanza 1969, hutoa vocha ya vitabu, kaunsela anayekufahamu, na nafasi ya kujiandikisha kabla ya umati. Wengi huifuata vocha, lakini sisi tunaona hilo la mwisho lina thamani zaidi. Anayelenga uuguzi anajua jinsi anatomia ya jioni inavyojaa mapema: ukiikosa unangoja muhula mzima, na masomo yanayoitegemea yanangoja pamoja nawe. Kujaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya Marekani ya kuomba msaada wa masomo, hakukuingizi EOPS. EOPS ina fomu yake na ofisi yake, na nafasi zina kikomo, kwa hiyo omba kabla muhula haujaanza.

Nafanya kazi usiku, namudu yuniti 9 tu. Nitakubaliwa?

Sharti ni yuniti 12 wakati unapokubaliwa. Ila mkurugenzi wa EOPS anaruhusiwa kupokea hadi asilimia 10 ya wanafunzi wake wakiwa na yuniti 9, hivyo uliza, tena mapema. Mwenye ulemavu ana utaratibu wake kupitia DSPS, ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu. Uwe pia hujavuka yuniti 70 zinazohesabika kwenye digrii. Kama wazazi wako hawakusoma chuo, au nyumbani hamzungumzi Kiingereza, litaje kwenye fomu. Watu huona aibu kuliandika, kumbe ni moja ya mambo yanayopimwa.

Alama zangu ni nzuri, mbona nimeondolewa EOPS?

Tunabahatisha: hukumwona kaunsela mara tatu. Kila muhula, mara ya kwanza mnapanga masomo na kutia saini mkataba. Ya pili ni katikati ya muhula, na vyuo vingi hutaka ripoti ya maendeleo kutoka kwa walimu. Ya tatu ni mwishoni. Wanaoanguka huangukia hii ya tatu. Wanaikumbuka mitihani ikiwa mlangoni, na kaunsela hana tena nafasi. Weka miadi ya pili na ya tatu siku ileile unapotoka kwenye ya kwanza. Kwa sasa, uliza ofisini utaratibu wa rufaa, kisha andika barua fupi: kilichotokea, lini, na tarehe ya miadi uliyokwisha kuweka. Ambatisha ushahidi, mfano ratiba ya kazini au karatasi ya hospitali.

Nalea watoto peke yangu. Kuna la ziada?

Lipo, dada: CARE, mpango wa nyongeza ndani ya EOPS kwa wazazi wanaolea peke yao, tangu 1982. Uwe tayari ndani ya EOPS, mkuu wa kaya bila mwenza, mwenye mtoto chini ya miaka 18, na kaya yako iwe inapokea msaada wa fedha wa CalWORKs, mpango wa California kwa familia zenye watoto na kipato kidogo. Husaidia mambo kama malezi ya watoto na usafiri. Nenda na barua ya kaunti inayoonyesha msaada huo. Bila hiyo faili litakaa tu.

Mambo yamenizidi, niache muhula huu?

Usiache kimyakimya. Ukijitoa masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, yaani takriban wiki kumi za mwanzo katika muhula wa wiki 16, sehemu ya Pell Grant, ruzuku ya masomo ya serikali kuu, hurudishwa, na deni linaweza kuwa lako. Ukitoweka bila kujitoa rasmi, unaweza pia kupata F, alama ya kufeli. Mwone kaunsela kwanza: pengine kuacha somo moja kunatosha, mradi ujue yuniti zitakazobaki zinakuacha wapi ndani ya EOPS.