Viazi vikuu vyangu havitoi maua, ni mambo ya mchana au ni taa?

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mi nalima viazi vikuu huku Wete, Pemba, mwaka wa nne sasa na sijaona ua hata moja. Jirani ana mbegu nyingine, yake kila mwaka inatoa vishada vidogo vya kijani. Ananambia eti ni urefu wa mchana, afu kuna mche wangu mmoja uko chini ya taa ya nje, wenzake majani yashakauka wenyewe bado kijani kibichi. Ananizuga? Huku kwetu si mchana ni ule ule mwaka mzima?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hajakuzuga, ila kachanganya mambo mawili kwenye chungu kimoja.

Kwanza huo mchana wa ule ule. Chukua kalenda ya swala hapo ukutani, hesabu toka jua kuchomoza hadi magharibi, fanya Juni kisha fanya Desemba. Utapata kama saa 11 na dakika 50 Juni, na saa 12 na dakika 25 hivi Desemba. Nusu saa na ushei, sisi hatushtuki ila kuna mimea inashtuka. Mwaka 1920 Wamarekani wawili, Garner na Allard, waliandika habari za tumbaku iliyogoma kutoa maua shambani kiangazi kizima, kumbe ilikuwa inangoja siku fupi. Baadae ikaja kujulikana mimea kama hiyo inachohesabu hasa ni giza, yaani ukiimulika katikati ya usiku hesabu inaharibika. Ndo maana soya iliyo chini ya taa za barabarani inabaki kijani wakati shamba zima lishakomaa.

Kiazi kikuu nacho kimo humo humo. Mchana ukiwa mrefu kinakimbilia kutambaa na majani, ukipungua kinashusha nguvu chini kwenye kiazi. Kwa hiyo ule mche wako wa kwenye taa mi naona umedanganywa, unadhani mchana haujaisha.

Sasa maua. Hapo siku zina mkono wao, kule Nigeria, ambako Juni ndo mchana mrefu kinyume na kwetu, kiazi kikuu cheupe kinachanua kuanzia kama mwezi huo na hiki chetu chenye shina la pembe nne kinakuja nyuma yake, siku zishaanza kupungua. Lakini usikimbilie kulaumu jua, kwa sababu mbegu nyingi za viazi vikuu hazitoi maua kabisa au zinatoa kwa nadra, babu na bibi wamepanda vipande miaka na miaka wakichagua kiazi kinono, nani alikuwa anaangalia ua? Yako nadhani ni ya ukoo huo, utaimulika na kuizimia taa na bado itakutazama tu.

Na vishada vya jirani asivipigie kelele sana. Kiazi kikuu kina mche dume na mche jike mbali mbali kama mpapai. Mwambie akiangalie kishada kwa karibu: kama ni viua vidogo vidogo vimesongamana kama punje za mtama, huyo dume, hapati tunda hata akeshe. Jike kila ua lina kijitumba cha pembe tatu nyuma yake, kikikauka kinapasuka na mbegu zake zina bawa jepesi, upepo unazibeba. Wanaohangaika na hizo mbegu ni wataalamu wa kutengeneza aina mpya, wewe unataka futari, maua ya nini?

Hesabu ya siku ikufae kwenye kupanda. Masika yetu yanakuja siku zikiwa zinapungua kuelekea Juni, ukichelewa kupanda hadi Aprili mche unaanza kuweka kiazi haujapata majani ya kutosha, unavuna vidole. Ningekuwa mimi, penye unyevu ningepanda na mvua za vuli ili shina litambae Desemba na Januari mchana ukiwa mrefu.

Taa igeuze ielekee mlangoni. Na huo mche wa kijani usiuchimbe pamoja na wenzake, ngoja majani yageuke manjano kabisa, ukiuwahi kiazi kinakuwa cha maji maji na ukikiweka hakikai.